Bipu Kutoka Misitu ya Bastar: Kisa cha CGNet Swara na Swali la Nani Alipie Simu

Mtu anatoka nyumbani asubuhi na kupanda kilima, mahali ambapo kijiji kizima kinajua kwamba simu hushika mtandao. Mkononi ana simu ya vitufe, ile yenye tochi kichwani, ambayo haina uwezo wowote wa kufungua intaneti. Anapiga namba inayoanza na 080, msimbo wa jiji la Bangalore, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo aliposimama. Ikiita mara moja au mbili anakata. Amebipu tu. Muda mfupi baadaye simu yake inaita, anapokea, na sauti iliyorekodiwa inamweleza: kurekodi ujumbe bonyeza 1, kusikiliza ujumbe wa wenzako bonyeza 2. Anabonyeza 1, anangoja mlio, anaanza kusema. Jina lake. Kijiji chake na wilaya yake. Pampu ya maji iliyokufa tangu kiangazi, au ujira wa kazi ya barabara ambao haujalipwa. Akimaliza anakata na kuteremka. Salio lake halijapungua hata paisa moja.

Baada ya siku chache sauti ile ile iko kwenye tovuti. Anaisikia mtu aliyekaa mbele ya kompyuta Delhi au London, na chini yake pameandikwa muhtasari mfupi pamoja na namba ya simu ya afisa ambaye kazi yake ni kuitengeneza ile pampu.

Huduma hiyo inaitwa CGNet Swara. Ilianza Februari 2010 katika jimbo la Chhattisgarh, katikati ya India. Herufi CG ni kifupi cha jina la jimbo, na swara ni neno lenye asili ya Kisanskriti lenye maana ya sauti. Aliyeianzisha ni Shubhranshu Choudhary, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mtayarishaji wa BBC, akisaidiwa kwa upande wa ufundi na Bill Thies wa Microsoft Research India, na kwa muda akiungwa mkono na ufadhili wa Knight unaotolewa na kituo cha kimataifa cha waandishi wa habari cha Marekani, ICFJ. Kabla ya simu kuingia, CGNet ilikuwepo tayari tangu 2004 kama mjadala wa mtandaoni kuhusu mambo ya jimbo hilo. Ila waliojadiliana walikuwa watu wenye kompyuta, na mkulima aliyejadiliwa hakuwa na njia ya kuingia kwenye mazungumzo yanayomhusu. Simu ililetwa ili kuziba pengo hilo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wengi wanaokitaja hukisimulia kama ushindi wa teknolojia rahisi: simu ya bei nafuu, seva moja, na masikini wakapata sauti. Nikikitazama kwa karibu naona mambo mawili yaliyofanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni bei ya simu na nani anayeibeba. La pili ni watu waliokaa katikati ya simu na intaneti, na hao ndio walioamua kama ile bipu ya kilimani itamfikia mtu au itaishia kwenye diski ya kompyuta.

Kwa nini simu, na si redio

Kwa kawaida, penye watu wengi wasiosoma, dawa ni redio. Katika wilaya ya Bijapur, kusini mwa Chhattisgarh, sensa ya 2011 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika ni kama asilimia 41. Redio ingetosha kabisa. Tatizo lilikuwa sheria. Mahakama ya Juu ya India ilishatamka mwaka 1995 kwamba masafa ya hewani ni mali ya umma, na mwaka 2006 serikali ikaruhusu mashirika ya kiraia kuendesha redio za jamii. Lakini kibali hicho kilikuja na katazo: redio ya jamii isitangaze habari. Habari za redio zilibaki mikononi mwa shirika la utangazaji la serikali, All India Radio. Unaweza kufundisha kilimo hewani, unaweza kupiga nyimbo za mavuno, lakini ukisema kwamba mwalimu wa shule fulani hajafika kazini mwezi mzima, umeingia kwenye habari.

Simu haikuguswa na katazo hilo. Mtu anapopiga namba na kusikiliza ujumbe uliorekodiwa, hakuna masafa yaliyotumika kurusha matangazo, kuna mazungumzo ya simu tu kati ya namba mbili. Kwa hiyo jambo lile lile lililozuiwa hewani likapita kwenye simu bila kuvunja sheria yoyote.

Lugha nayo ilikuwa ukuta. Waadivasi, yaani jamii za wenyeji wa asili, ni karibu asilimia 31 ya watu wa Chhattisgarh, na wengi wao kusini huzungumza Kigondi. Sensa ya 2011 ilihesabu wazungumzaji wa Kigondi karibu milioni 3 katika India nzima, wametawanyika katika majimbo kadhaa, kila mahali wakiwa wachache. Hata hivyo Kigondi hakimo katika orodha ya lugha 22 zinazotambuliwa na katiba. Kisanskriti kimo, ingawa katika sensa hiyo hiyo waliokitaja kuwa lugha yao ya mama walikuwa watu 24,821. Silaumu Kisanskriti. Nataka msomaji aone tu kwamba idadi ya watu peke yake haileti gazeti, wala shule, wala ofisa anayeelewa unachosema. Lugha isiyo na maandishi yaliyozoeleka haiwezi kuingia kwenye intaneti ya kuandika hata ungewagawia watu wote simu janja. Kwa sauti inaingia, maana mtu anasema alivyozoea kusema nyumbani.

Kisha kuna vita. Bastar, ukanda wa misitu wa kusini mwa jimbo, ulikuwa kitovu cha uasi wa Wamao, wakomunisti wenye silaha, uasi ambao waziri mkuu Manmohan Singh aliuita mwaka 2006 changamoto kubwa kuliko zote za usalama wa ndani wa India. Miezi miwili tu baada ya Swara kuanza, tarehe 6 Aprili 2010, askari 76 waliuawa katika shambulio moja wilayani Dantewada. Choudhary alikaa sana na watu wa pande zote za mgogoro huo kwa kazi yake ya uandishi, na hoja aliyokuwa akiirudia ni kwamba sehemu kubwa ya hasira ya msituni ilitokana na mambo madogo ambayo hayakupata pa kusemwa. Naikubali hoja hiyo kwa kiasi. Pampu ya maji haimalizi vita. Ila kijiji ambacho hakijawahi kujibiwa na serikali kwa jambo lolote ni rahisi kwa mwenye bunduki kukiambia kwamba serikali haipo.

Hesabu ya bipu

Hapa ndipo kisa kinaponoga, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kubipu kuna maana tu pale ambapo anayepokea simu halipi. India ilifika huko mwaka 2003, ilipoanza utaratibu wa mpigaji kulipia simu yote. Kabla ya hapo hata anayepokea kwenye simu ya mkononi alikuwa akikatwa. Badiliko hilo moja la kanuni ndilo lililomwezesha mtu asiye na salio kuwa mtu kamili kwenye mtandao wa simu: anaweza kufikiwa, na anaweza kuomba apigiwe. Kisha mwaka 2009 kampuni moja ikaanza kutoza paisa 1 (rupia moja ni paisa 100) kwa sekunde, washindani wakafuata, na dakika ya simu ikashuka hadi kama paisa 60, yaani chini ya rupia 1.

Sasa chukua kibarua wa kijijini. Sheria ya ajira ya vijijini iliyopitishwa India mwaka 2005 iliipa kila kaya haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, na mwaka 2009 serikali kuu iliweka ujira wa rupia 100 kwa siku. Kwa kibarua huyo, simu ya dakika tano ni rupia 3. Mtu wa mjini atasema rupia 3 ni kitu gani. Lakini kibarua tunayemzungumzia ndiye yule ambaye ujira haujalipwa, na ndiyo sababu ya yeye kupiga. Anayeihitaji simu zaidi ndiye aliyeishiwa zaidi. Ukimtoza hata kidogo, unawachuja watu kwa kipimo kile kile cha shida uliyosema unataka kuisikia.

Aidha mtu hawezi kujua mapema simu itamchukua muda gani. Ujumbe wa kukaribisha unasomwa polepole, chaguo linarudiwa, mtu anabonyeza kitufe kisicho, anaanza upya. Mwenye salio la rupia 10 anasema harakaharaka, anaruka jina la kijiji, anasahau tarehe, anakatika katikati ya sentensi. Anayepigiwa hana haraka. Kwa maoni yangu faida kubwa ya bipu iko hapa, katika utulivu wa anayesema. Ushahidi mzuri unahitaji muda: siku gani, nani alikuwepo, ulipewa karatasi gani, fedha kiasi gani. Mtu anayetazama salio likikatika hawezi kutoa ushahidi wa namna hiyo.

Na anayelipa, je? Utafiti wa Preeti Mudliar, Jonathan Donner na Bill Thies, uliotolewa 2012, ulitaja simu zaidi ya 70,000 zilizokuwa zimeingia kwenye mfumo na ujumbe 1,100 uliochapishwa. Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme kila simu ilidumu dakika 3, na kila dakika ni paisa 60. Jumla ni rupia 126,000. Ukizigawa kwa ujira wa rupia 100, ni vibarua 1,260 kila mmoja akitoa ujira wa siku moja, jambo ambalo haliwezekani kwao. Kwa shirika lenye mfadhili mmoja, fedha hiyo ni ndogo kuliko mshahara wa mwaka wa wahariri wachache. Gharama ni ile ile, lakini mahali inapotua ndipo panapoamua kama itaua huduma au haitaihisi. Wanaotaka kuanzisha huduma za namna hii hutumia miezi kutafuta namna ya kupunguza bei ya dakika. Mimi ningeanza kwa kuuliza dakika hizo ziandikwe kwenye bili ya nani.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo, nao si mwepesi. Bipu ikienea, bili inakua na hakuna breki. Msikilizaji anayeipenda huduma atabipu kila jioni, na kila bipu ni deni. Mafanikio ya huduma na kuishiwa kwake vinatembea pamoja, mpaka apatikane mtu wa kulipa mwaka hadi mwaka. Sioni namna ya kuikwepa shida hiyo kwa ufundi peke yake.

Simu 64 kwa ujumbe mmoja

Rudi kwenye namba mbili za utafiti: simu 70,000, ujumbe 1,100. Ni takriban simu 64 kwa kila ujumbe uliochapishwa. Nilipoiona mara ya kwanza niliidhania ni dalili ya kushindwa. Baadaye nikaielewa vingine. Kitufe kilichobonyezwa zaidi hakikuwa cha kusema. Watu wengi walipiga ili kusikiliza: kijiji cha jirani kinasema nini, nani amelipwa, wimbo gani wa Kigondi umewekwa leo. Kwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari kwa lugha ya mama yake kutoka chombo chochote, kubonyeza 2 kulikuwa ndiyo intaneti yake. Hakuweza kutafuta atakacho, hakuona picha, lakini aliyasikia yale yale yaliyokuwa kwenye tovuti, na anayesema upande wa pili ni mtu kama yeye.

Sehemu nyingine ya pengo hilo ni kazi ya wahariri. Kila rekodi iliyoingia ilisikilizwa na mtu kabla ya kutoka. Mhariri anafungua ukurasa wake kwenye kompyuta, anasikiliza, anampigia aliyerekodi ili kuhakikisha, wakati mwingine anamuuliza maswali na kumwomba arekodi tena vizuri. Rekodi nyingine ni kimya tu, au upepo, au mtoto akichezea simu. Nyingine ni tuhuma nzito dhidi ya mtu aliyetajwa kwa jina, bila ushahidi. Katika eneo lenye polisi upande mmoja na waasi upande mwingine, ujumbe mmoja wa uongo ungeweza kumgharimu mtu maisha, na ungeipa serikali sababu ya kuifunga huduma nzima. Kwa hiyo chujio lilikuwa la lazima. Lakini chujio ni watu, watu huchoka, na lugha wanazozielewa zina mwisho. Rekodi ya Kigondi ilihitaji mhariri anayekijua Kigondi. Mhariri wa Kihindi peke yake angeweza tu kuiacha pale ilipo.

Ndiyo maana nasema simu nafuu ni nusu ya kazi. Mashine hupokea bipu elfu moja kwa siku bila kulalamika. Nusu ya pili, ya kusikiliza na kuhakiki, haikupungua bei hata kidogo dakika ya simu iliposhuka.

Simu ya kurudi

Kuna hatua moja zaidi, na ndiyo iliyofanya huduma hii iwe na meno. Chini ya ripoti kwenye tovuti ziliwekwa namba za maafisa: mkuu wa utawala wa wilaya, ambaye India humwita Collector, au afisa wa maji, au wa elimu. Msomaji wa mjini aliombwa awapigie. Basi afisa aliyezoea malalamiko yanayofia mlangoni mwa karani alianza kupigiwa simu na watu asiowajua, kutoka miji ambayo hajawahi kufika, wakimuuliza kwa adabu habari za pampu ya kijiji fulani.

Itazame njia nzima. Mwanakijiji anabipu, seva inampigia, mhariri anampigia kuhakiki, msomaji anampigia afisa, afisa anampigia aliye chini yake. Intaneti imo mahali pamoja tu katikati ya mnyororo. Kote kwingine ni simu za kawaida, kila mtu akilipia ile anayoweza kuilipia. Aliye na fedha kidogo alilipa sifuri. Aliye na intaneti na salio alilipia sauti ya yule asiye navyo. Mgao huo wa gharama, ambao sidhani ulichorwa na mtu yeyote kwenye karatasi tangu mwanzo, ni wa haki kuliko mipango mingi niliyoisoma.

Matokeo yalionekana. Ujira uliochelewa ulilipwa, pampu zilitengenezwa, chakula cha mchana cha shule kilirudi. Kisa kilichosimuliwa sana ni cha afisa wa misitu aliyepokea fedha kutoka kwa familia za Waadivasi kwa ahadi ya kuwapatia hati za ardhi, haki ambayo sheria ya misitu ya 2006 ilishawapa bila malipo. Baada ya kisa kurekodiwa na simu kuanza kumiminika, alizirudisha. Na jambo likitatuliwa, aliyelalamika hurudi kubipu na kurekodi kwamba limetatuliwa. Ujumbe huo wa pili nao huchapishwa. Kwangu huo una uzito kuliko wa kwanza, kwa sababu anayebonyeza 2 kijiji cha tatu anasikia kwamba kulalamika kunaweza kuzaa kitu. Matangazo ya kuisifu huduma yasingeweza kumshawishi kiasi hicho.

Waliosema na walionyamaza

Ukichunguza nani hasa walirekodi, picha inachanganyika. Wengi wa wachangiaji wa mwanzo walikuwa wanaume, na wengi walikuwa na mguu mmoja katika harakati: watu wa mashirika ya vijijini, wanaharakati wa haki za ardhi, vijana waliosoma kidogo. Mara nyingi huyo ndiye aliyeshika simu na kumrekodi mama mzee asiyejua kubonyeza. Wapo wanaoliona hilo kama dosari, kwamba sauti ya kijiji ilipitia kwa dalali. Sioni hivyo moja kwa moja. Mtu wa kwanza kuthubutu huwa ni yule aliyewahi kuthubutu mahali pengine. Baadaye timu ilizunguka vijijini kwa ngoma na maigizo, ikifundisha watu hadharani namna ya kubipu na kubonyeza, na hilo lilisaidia. Lakini wanawake hawakuweza kufikiwa kwa bei nafuu peke yake, maana katika nyumba nyingi simu ilikuwa ya mume. Dakika ya bure haimfikii mtu asiye na simu ya kubipu.

Hofu nayo haina bei. Ripoti ilibeba jina na mara nyingi namba ya aliyerekodi, kwa kuwa ripoti isiyo na mwenyewe haina nguvu mbele ya afisa. Lakini Bastar mtu mwenye simu alishukiwa na waasi kuwa mpasha habari wa polisi, na minara ya simu ililipuliwa zaidi ya mara moja. Mwananchi aliyepanda kilima na simu sikioni alionekana na macho mengi. Wale ambao huduma ingewafaa zaidi, walio ndani kabisa ya msitu, walikuwa pia na sababu nzito zaidi za kutopiga, na mara nyingi hawakuwa na mnara wa kupigia.

Mwaka 2014 jimbo jirani la Madhya Pradesh lilianzisha huduma yake ya serikali ya malalamiko kwa simu, namba 181. Imejengwa vizuri: wapokeaji wengi, kila lalamiko lina namba yake, na lisiposhughulikiwa hupanda ngazi kutoka afisa wa chini hadi wa juu, ngazi nne. Ukilinganisha uwezo, ni tembo na sungura. Tofauti iko mahali pengine. Lalamiko la 181 linaingia kwenye faili la serikali, na anayelifuatilia ni mlalamikaji na ofisi. Lalamiko la Swara lilisikiwa na wote: majirani, waandishi wa habari, mtu wa mbali mwenye muda wa kupiga simu moja. Afisa aliyefunga faili la 181 kwa kuandika kwamba kazi imekamilika amelimaliza. Aliyeandikwa kwenye Swara alijua kwamba kesho mtu yule yule anaweza kubipu tena na kusema pampu bado imekufa, na kijiji kizima kimsikie. Nisingependa kuchagua mojawapo. Kwa kazi ya kila siku ya maelfu ya malalamiko, serikali ndiyo yenye mikono. Kwa lalamiko dhidi ya yule yule anayeshika faili, ningebipu Bangalore.

Dakika ilipokuwa bure

Mwaka huo huo wa 2014 Choudhary alipewa tuzo ya uanaharakati wa kidijitali ya Index on Censorship, shirika la kutetea uhuru wa kujieleza, na kati ya walioshindanishwa naye alikuwamo Edward Snowden, yule aliyefichua siri za udukuzi wa Marekani. Lakini ardhi ilikuwa inaanza kusogea chini ya miguu ya kila huduma ya bipu. Septemba 2016 Reliance Jio iliingia sokoni na simu za sauti zisizotozwa na data ya bei ya chini sana, na washindani wakalazimika kushusha bei zao. Ghafla suala la nani alipie dakika ya simu, lililokuwa moyo wa kisa hiki, lilipungua uzito palipokuwa na mnara wa kasi na mtu mwenye simu inayoufaa. Ndani ya Bastar, mnara huo ulikuwa mbali.

Kwa maeneo hayo timu ilijaribu njia nyingine, waliyoiita Bultoo Radio, kwa matamshi ya kienyeji ya Bluetooth. Ujumbe uliorekodiwa kwa simu unakusanywa na kupangwa kuwa kipindi kimoja cha sauti, kinawekwa kwenye intaneti. Mtu mmoja anayeweza kufika penye intaneti, kama ofisi ya baraza la kijiji iliyounganishwa, anakipakua kwenye simu yake. Kisha anarudi, na pale watu wanapokusanyika anakihamisha kwenye simu ya jirani, jirani anamhamishia mwingine, simu mbili zikiwa zimeshikwa karibu karibu.

Hapo hakuna mnara, hakuna salio, na hakuna seva ya kumpigia mtu. Bado yupo anayebeba gharama: yule mmoja aliyetembea hadi penye intaneti na kurudi. Simu yake ikishamaliza kutuma kwa wa kwanza, anaigeuzia ya pili, na mwenye simu ya tatu anasubiri zamu yake, akiwa ameshawasha Bluetooth.